Vitu Visivyotoka Mlangoni

3 Machi

Babu yangu,

Shikamoo. Leo nakuamkia nikiwa nimeinama kweli, wala si kwa adabu peke yake. Tangu asubuhi mhadhiri wetu ametuinamisha juu ya mapipa ya taka ya chuo, wanafunzi thelathini na wawili, glavu mikononi, tuchambue vilivyotupwa jana. Tumekuta mikate mizima, kalamu zenye wino, kiatu kimoja cha kushoto na chaja sita. Tulipozijaribu hizo chaja, nne zikafanya kazi. Basi hilo ndilo somo lenyewe. Linaitwa Uendelevu na Maisha ya Kila Siku. Mama alipolisikia aliniuliza kama nimekwenda chuo kikuu kusomea kuokota.

Mhadhiri ni daktari, lakini si wa kutibu watu. Tunamwita Daktari Pipa, akiwa mbali. Ni mama mfupi mwenye miwani mikubwa, na ana kipawa cha kuuliza swali halafu akanyamaza mpaka ujute kuzaliwa.

Kazi kubwa ya muhula ni hii: kila mmoja achague nyumba moja, apime kwa wiki nne kila kinachotupwa, kisha aandike ripoti ya kueleza kwa nini nyumba ile inatupa vile inavyotupa. Ripoti ni nusu ya alama zote. Ukiikosa, unarudia somo mwakani. Nami sikungoja. Nikasimama nikasema nyumba yangu ni ya babu yangu, fundi wa pasi, redio na cherehani, ambaye katika maisha yake hajatupa hata uzi. Darasa zima likacheka. Daktari Pipa akasema, "Tutaona."

Kwa hiyo nakutumia mzani ndani ya kifurushi hiki. Kila kinachotoka mlangoni kama taka, kipime kwanza, uandike. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho tulipoongea kwenye simu ulikubali kununua mbuzi bila kusikia ulichoulizwa.

Usiniangushe, Babu. Nimekusifu mpaka koo limenikauka.

Wako,
Kidomo


12 Machi

Mjukuu wangu Kidomo,

Marahaba, na sasa nyooka, usije ukarudi nyumbani umepinda nikalazimika kukutengeneza na wewe.

Mzani umefika. Niliufungua kabla sijautumia. Usinikasirikie, mikono yangu haijui kupita karibu na kitu chenye skrubu. Springi yake ilikuwa imelegea, ulikuwa unazidisha gramu kumi. Nimeurekebisha. Kama wenzako nao wamepewa mizani ya namna hiyo, darasa zima linapima uongo.

Haya ndiyo matokeo ya wiki ya kwanza. Maganda ya vitunguu na viazi yalikwenda shimoni kwenye bustani, kwa hiyo hayakutoka mlangoni. Magazeti nimefungia vitu vya wateja. Kopo la maziwa sasa linakaa misumari. Kilichotoka ni wembe mmoja uliokwisha kabisa, mfuko uliotoboka na soksi ambayo hata mimi nilikata tamaa nayo. Jumla gramu sabini na nne.

Nimesoma maelezo ya somo lako uliyoyaweka ndani ya kifurushi. Nimeyasoma mara mbili, maana nilidhani nimeruka ukurasa. Wameandika kurasa kumi na moja kueleza kwamba kitu kikiharibika kitengenezwe. Wangeniandikia mimi ningewajibu kwa mstari mmoja, wakabaki na karatasi. Hata hivyo sehemu inayohusu safari ya kitu, kutoka mgodini hadi jaani, imenipendeza. Sikuwahi kufikiri kwamba waya wa pasi umesafiri kuliko mimi. Na mimi nimesafiri.

Wako,
Babu


17 Machi

Babu,

Shikamoo, na hongera! Nilipoisoma gramu sabini na nne mbele ya wenzangu, kijana mmoja aliyechagua nyumba ya mjomba wake aliinama chini ya meza. Mjomba ametupa kilo kumi na tisa kwa wiki, na anaishi peke yake na kasuku.

Kuhusu mizani, umewasha moto. Nilimwambia Daktari. Tukaifungua yote, thelathini na moja, na kumi na mbili ilikuwa na kasoro ileile. Kwa nusu saa nilikuwa mwalimu, nikiwaonyesha kukaza springi kama ulivyonionyesha zamani kwenye saa ya jikoni. Daktari alisimama nyuma yangu bila kusema neno. Nadhani kwake hiyo ni shangwe.

Sasa tuna karakana yetu, banda lililokuwa la baiskeli. Kila Jumatano wanafunzi wanaleta vilivyoharibika, tunajifunza kuvitengeneza. Juzi nilifungua birika la umeme, nikalifunga, nikalichomeka, na bweni zima likazimika, watu wakiwa bafuni na sabuni vichwani. Nimepewa jina jipya ambalo siwezi kuliandika katika barua ya heshima. Babu, nilikosea nini? Waya wa kijani niliuona hauna kazi, nikaukata, ncha yake ikabaki inaning'inia ndani.

Nangoja wiki ya pili.

Kidomo


26 Machi

Kidomo,

Waya wa kijani hauna kazi kama mlinzi asivyo na kazi siku ambayo mwizi hajaja. Usiukate tena, hata akikuambia profesa. Ungeweza kuungua, kisha ningebaki na mzani na hakuna wa kumwandikia.

Wiki ya pili gramu arobaini. Wiki ya tatu, ambayo naifunga leo, gramu ishirini na mbili. Naona nikijitahidi wiki ya nne nitafika sifuri. Muulize Daktari Pipa kama kuna zawadi.

Babu


1 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Tarehe ni ya wajinga, lakini haya si mzaha.

Nilipeleka hesabu za wiki tatu zikaguliwe. Zimerudi na wino mwekundu. Naandika alivyoandika: "Huyu ni fundi. Anafungua vitu vya watu, anatoa vilivyoungua, anaweka vipya. Vilivyoungua viko wapi? Fundi asiye na mabaki sijawahi kumwona. Nyumba hii ina mlango mwingine. Utafute, au ripoti hii sitaipokea."

Nikamtetea Babu yangu mpaka sauti ikapanda. Nikasema wewe si mtu wa kudanganya. Akauliza, "Mabaki yako wapi?" Kisha akanyamaza, kile kimya chake. Na wenzangu wakaanza: "Gramu ishirini na mbili! Babu yako anakula hewa!"

Basi nakuuliza kwa heshima zote. Je, unapeleka taka zako kwa Mama Sindano, jirani? Nakumbuka ulivyosema juu ya zawadi. Kama ulitaka tu nishinde, nitaelewa, nitacheka, tutaanza upya. Ripoti inatakiwa tarehe 12 Mei. Muda bado upo, ila si mwingi.

Mjukuu wako


5 Aprili

Kwa Mwanafunzi wa Chuo Kikuu,

Barua yako ya tarehe mosi imepokelewa.

Sijapeleka taka kwa jirani. Sijapeleka taka kwa mtu yeyote tangu nizaliwe. Nilichoandika ndicho kilichotoka mlangoni, kama ulivyoagiza mwenyewe kwa mkono wako.

Wiki ya nne: sifuri.

Fundi


14 Aprili

Kidomo mwanangu,

Ni mimi Mama Sindano, jirani wa babu yako, muuguzi mstaafu, niliyekuchoma chanjo ya utotoni ukaniita mchawi mbele ya foleni nzima. Nilikusamehe siku ileile.

Nasikia mimi ndiye jaa la babu yako. Alikuja na barua yako mkononi akanisomea ukutani kwangu, kifua mbele, akidai nitoe ushahidi. Nikamwambia, "Fundi, kwangu hujaleta taka, hujaleta hata mkate. Lakini mwambie mtoto kuhusu chumba." Akageuka akaondoka.

Basi nakuambia mimi. Kile chumba cha nyuma kilichofungwa, ambacho unadhani ni cha vifaa vyake, na ambacho kimekulaza wewe kwenye kochi la sebuleni likizo zote, kimejaa mpaka dari. Mashine za watu, mwanangu. Pasi, feni, redio, cherehani, mabirika. Ni vitu ambavyo wateja walivileta, akavitengeneza, wasirudi kuvichukua. Kila kimoja kina kikaratasi kimefungwa kwa uzi. Na kile kipande kilichoungua alichokitoa, anakitia ndani ya bahasha na kukifunga papo hapo kwenye kitu chake, kwa sababu anasema kipande kilichotolewa bado ni mali ya mteja. Hivyo ndivyo wanavyofanya mafundi wa kwao, anasema. Mlango mwingine anaoutafuta mwalimu wako ndio huo.

Jambo la pili, naye amenikataza nisikuandikie, kwa hiyo naandika haraka. Jumatatu alikwenda kuweka feni juu ya rundo, rundo likamshukia. Kifundo cha mguu kimevimba. Hakijavunjika, nimekikagua mimi, na mimi sikosei vifundo. Anatembelea ufagio, kichwa chini. Nimempa fimbo ya marehemu mume wangu, ameikataa kwa sababu ina ufa. Sasa anaitengeneza.

Usimwambie nimekuambia. Au mwambie, tayari ananinunia.

Mama Sindano


20 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo, na pole kwa mguu. Usimkasirikie aliyeniambia, ni sindano yake tu, lazima achome.

Kwanza naomba radhi. Sikukuuliza swali, nilikupa hatia halafu nikaweka alama ya kuuliza mwishoni. Hukudanganya hata gramu moja. Kosa ni langu. Nilikuambia upime kinachotoka mlangoni, ukapima kinachotoka mlangoni. Nilipima mlango, sikupima nyumba.

Nilimweleza Daktari hivyo, bila kutaja chumba, nikasema tu huenda kuna vitu vimehifadhiwa. Akavua miwani. Akasema, "Kitu kilichopona, kinachoweza kufanya kazi, lakini hakitumiwi na mtu miaka na miaka, tukiite nini? Hakikutupwa. Hakitumiki pia. Chuma chake kilichimbwa, moto uliwashwa kukiyeyusha, na mtu mwingine amenunua kipya badala yake. Nenda ufikiri." Nimefikiri siku tatu.

Babu, naomba ruhusa nikihesabu chumba hicho katika ripoti. Bila ruhusa yako sitaandika neno, hicho ni chako. Lakini sitaweza pia kuandika gramu ishirini na mbili na sifuri kana kwamba chumba hakipo. Nyumba nyingine siwezi kuanza, wiki nne hazipo tena.

Nakuomba. Ukisema hapana, itakuwa hapana.

Kidomo


23 Aprili

Kidomo,

Radhi nimekupa. Mguu unapungua. Fimbo imetengenezeka, ina pete ya shaba sasa, imekuwa nzuri kuliko alivyoiacha marehemu.

Kuhusu chumba, hapana.

Nisikilize. Vitu vile si vyangu kuvihesabu wala vya mwalimu wako kuvipa jina. Ni amana. Mtu akinipa redio yake mkononi, amenipa na neno. Nami nimempa langu: njoo, utaikuta. Sikumwambia njoo kabla ya mwezi fulani. Nikisema leo kwamba muda umepita, nitakuwa nimebadilisha maneno yangu peke yangu, mwenzangu hayupo. Kuna watu waliochelewa kwa sababu ambazo si kosa lao. Kuna watu barabara ziliwafungia. Mtu wa namna hiyo akirudi baada ya miaka ishirini, mlango mmoja duniani na uwe bado una kitu chake.

Amana si taka. Andika sifuri, mwalimu akasirike.

Naona uchungu kukunyima, na hilo nalo liandike mahali.

Babu


27 Aprili

Babu,

Nimeelewa, nami ninashukuru kwamba umenijibu kwa sababu, si kwa amri.

Kesho nitamwambia Daktari kwamba ripoti yangu haitakamilika. Nitalirudia somo mwakani. Usiumie, kuna mambo mabaya zaidi, kwa mfano mjomba wa yule kijana. Kasuku wake amejifunza kusema "tupa."

Tena nina habari njema. Jumatano nimetengeneza birika, na safari hii halikuzima bweni. Wenzangu walisimama mbali na vitabu vichwani kama ngao. Maji yakachemka, tukanywa chai yote, hata ile isiyonyweka.

Nina swali moja tu, na hili silo la ripoti. Unasema wenye vitu wakirudi watavikuta. Je, wao wenyewe wanajua kwamba bado vipo?

Mjukuu wako,
Kidomo


8 Mei

Kidomo mwanangu,

Ruhusa unayo. Hesabu iko chini. Ila nisubiri nikueleze, maana hapa kumekuwa na shughuli ambayo sijaiona tangu nifike nchi hii.

Swali lako lilininyima raha siku mbili. Miaka yote nimejiona mimi ndiye ninayesubiri. Haikunijia kwamba mtu hawezi kurudi kuchukua kitu ambacho anaamini kimekwisha kutupwa. Siku ya tatu nikamwita Mama Sindano, nikafungua mlango. Alisimama kizingitini akasema, "Fundi, hiki si chumba, hili ni tumbo lenye choo kigumu." Muuguzi hana aibu.

Nilidhani kazi itakuwa ngumu kwa sababu vikaratasi vyangu havina majina. Nilipofika hapa sikuweza kuyashika majina ya watu, nikawa naandika nilichokiona. "Mrefu wa duka la viatu." "Mwalimu wa hesabu, kofia." "Anacheka kabla hajasema." Mama Sindano alivisoma kimoja kimoja, na karibu kila kimoja akawa anamjua mwenyewe, maana ametibu mtaa mzima na watoto wao. "Huyu anacheka kabla hajasema nilimzalisha mapacha!" Akaandika tangazo, akalibandika zahanati, sokoni na kwenye mlango wa kinyozi. Kesho yake asubuhi kulikuwa na foleni.

Kidomo, walikuwa wananikwepa! Mwalimu wa hesabu ameniambia mbele ya watu kwamba kwa miaka kumi na moja anapita barabara ya nyuma ili asionane nami. Alichelewa mwezi mmoja kuchukua feni, akaona haya, mwezi ukawa mwaka, haya ikazidi, mwishowe akanunua feni nyingine na kiatu cha kutembelea njia ndefu. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa nakusubiri kwa hamu." Akasema, "Na mimi nilikuwa nakukimbia kwa bidii." Watu walicheka mpaka foleni ikapinda.

Kisha akaja mama mmoja mnene, anatembea na binti wa miaka kama kumi na minane. Kikaratasi chake kilisema: "Bibi harusi wa Jumamosi. Pasi. Haraka." Akakisoma, akakaa chini kwenye kreti. Akamwambia binti, "Unaona? Ndiyo maana kwenye picha gauni lina mikunjo. Baba yako alisema ni mtindo." Nikaichomeka pasi pale pale. Ikapata moto. Binti akavua mtandio wake, akaupiga pasi juu ya benchi langu, akaujaribu kwenye kioo. Hakusema asante. Alisema, "Nzito vizuri." Sijasikia sifa nzuri kuliko hiyo.

Haya, andika. Vitu mia moja na arobaini na vitatu. Cha zamani zaidi feni ya miaka ishirini na saba. Vyote vilikuwa vizima, isipokuwa tisa ambavyo mipira yake imeoza kwa kukaa tu, na hapo nilimwelewa mwalimu wako bila yeye kunyamaza mbele yangu. Themanini na nane vimechukuliwa. Ishirini na kimoja wenyewe walikuja wakavitazama, wakasema wapewe wenye haja. Thelathini na vinne Mama Sindano hakuwatambua wenyewe, au wamefariki, au wamehama. Hivyo naviweka mwezi mmoja zaidi, kisha nitavileta kwenye karakana yenu ya Jumatano. Mabaki yaliyoungua, yale ya kwenye bahasha, ni kilo hamsini na mbili na gramu mia tatu. Nimeyapima kwa mzani wako kidogo kidogo, siku nzima.

Andika kila kitu. Andika hata kwamba mwanzoni nilikataa.

Babu


20 Mei

Babu yangu,

Shikamoo mara mia moja arobaini na tatu!

Nilikesha, sikukesha, sijui tena. Ripoti iliingia tarehe 12 saa tano asubuhi, saa moja kabla ya muda. Leo imerudi. Wino mwekundu ulikuwepo. Ameandika neno moja juu, "Imepokelewa," na chini yake alama ambazo sitakuandikia kwa sababu Mama Sindano atazitangaza zahanati. Nimefaulu, Babu. Nimefaulu vizuri.

Lakini si hivyo tu. Alisoma darasani ile sehemu ya mwalimu wa hesabu na barabara ya nyuma. Kisha akatuambia kwamba amefundisha somo hili miaka tisa, amepima chuma, karatasi, maji, moshi, na hakuwahi kupima haya ya mtu. Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

Sasa amenituma. Anakuomba uje karakana siku utakapoleta vile thelathini na vinne, utufundishe Jumatano mbili. Ameomba hasa uwafundishe wanafunzi kuandika vikaratasi. Nilimwambia utafungua mizani yake yote. Akasema, "Ndiyo maana namwita."

Mama ameuliza kitu ambacho nami nimekuwa nikijiuliza. Ulipokataa uliandika kuhusu watu ambao barabara ziliwafungia. Huko mtaani kwako hakuna barabara iliyofungwa, kuna haya tu. Ulikuwa unamfikiria nani?

Kidomo


27 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba zote nimezipokea, nimezipanga rafuni. Nimefurahi mpaka nimemwambia kinyozi, na kinyozi hakuniuliza. Mwambie Daktari wako nitakuja. Aandae meza imara na mwanga wa kutosha, na asinyamaze karibu yangu, mimi ni mzee.

Swali lenu nitalijibu mara moja.

Nilikuwa najifikiria mimi. Huko nilikozaliwa nilikuwa na karakana ya cherehani tu, chumba kimoja, dirisha moja upande wa jua la asubuhi. Siku tuliyoondoka tuliambiwa tuna muda wa kuchukua kinachobebeka kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili ulikuwa wa kumshika mama yako, ambaye alikuwa mtoto wakati ule. Ndani niliacha cherehani kumi na saba za watu. Nilizifunika shuka, nikafunga mlango, nikatia kufuli. Nilidhani ni wiki mbili. Barabara ikafungwa, na ni miaka thelathini na minne sasa.

Nimezikumbuka zote, moja moja, na wenyewe. Zile zilikuwa ahadi zangu za kwanza. Hapa ugenini nikaanza kutunza za wengine, kama kwamba nikitunza hizi vizuri, mtu mahali fulani atazitunza zile. Na katika miaka yote hiyo dua yangu ilikuwa ileile: kufuli lishike. Asiingie mtu. Ziwe pale pale chini ya shuka, kavu, safi, zinasubiri.

Juzi nilikuwa nimekaa ndani ya chumba cha nyuma, karibu kitupu, kina mwangwi, nikafikiria mipira tisa iliyooza kwa kukaa tu. Nikamfikiria yule binti na mtandio wake. Dua ikanigeukia mdomoni, sikuweza kuisema kama zamani.

Sasa naomba kufuli liwe lilivunjwa. Mapema, mwaka uleule wa kwanza. Naomba aliyelivunja awe mtu mwenye haja kubwa na mikono mizuri, au ana mke mwenye mikono mizuri. Naomba cherehani zote kumi na saba ziwe zimeshona: sare za shule, mapazia, nguo za harusi, viraka. Ziwe zimechoka kwa kazi. Kama wenyewe walirudi wakazikuta zimechukuliwa, naomba wanisamehe. Mwizi yule nimekwisha kumsamehe, na kwa kweli namwombea heri.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Ile ya kumi na moja, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni, sikuwa nimeimaliza. Ukiiendesha kasi inaruka mshono. Ukienda nayo polepole, haina tabu yoyote. Natumaini aligundua.

Babu yako,
Fundi